Kila Anayesikia Ajibu

Mimi ni mtu wa kuuliza maswali, na kanisani tabia hiyo haijawahi kunisaidia. Nikiwa mdogo huko Lorugum, kwetu Waturkana, nilimuuliza katekista kama Mungu hachoki kusikia maneno yale yale kila Jumapili, akanitoa nje nikakae na mbuzi. Basi nisameheni nikisimulia habari za sala kama mtu anayechungulia sufuria ya jirani. Ndivyo nilivyoumbwa.

Na kwa kweli habari yenyewe ni ya sufuria. Miaka ile ya tisini kazi yangu ilikuwa kupika uji katika kambi ya Kakuma. Kambi ilikuwa bado changa, wakimbizi wa Sudan walikuwa wakiingia kila wiki, na shirika moja lilikuwa na jiko la kulisha watoto waliodhoofika. Sufuria zilikuwa kubwa, mtu mzima angeweza kuogea humo, na mwiko ulikuwa na mpini mrefu kama wa jembe. Ukiacha kukoroga ukageuka kupiga soga, uji unashika chini, na uji ulioungua mtoto mgonjwa haugusi. Mwiko ule ndio ulioilisha nyumba yetu Lorugum. Ukame ulikuwa umemaliza mbuzi wetu karibu wote, baba hakuwepo tena, na mama yangu na wadogo zangu walikuwa wakinitazama mimi peke yangu. Ningepoteza kazi ile, wangelala njaa. Sisemi hivyo kupamba hadithi.

Kabla ya kuwasha moto tulikuwa tunasali. Jikoni tulikuwa mchanganyiko: Waturkana wachache, na akina mama wa Sudan waliokuja na nyimbo zao na misalaba yao ya mbao. Meneja wetu alikuwa mtu aliyetoka Kenya. Ndivyo tulivyosema kwetu, "ametoka Kenya," kana kwamba sisi tuko nchi nyingine, na ukiiona barabara ya kutoka Kitale siku hizo usingetulaumu. Alikuwa mtu mpole, mwenye haya nyingi mbele ya wanawake. Wakati wa sala alisimama mlangoni pa ofisi na kikombe chake cha chai, amefumba macho, akingoja tumalize.

Sasa, wale akina mama wa Sudan walijua kusali, lakini jamani, walikuwa wanaanzia mbali! Walianza na Ibrahimu, wakapita Misri, wakavuka bahari, na kabla hawajatufikia sisi pale Kakuma jua limeshapanda na watoto wanalia nje ya ua. Siku moja hasira zikanipanda. Nikawaambia, "Mungu anajua tulipo. Nendeni moja kwa moja!"

Wakacheka. "Haya, omba wewe," wakasema.

Sala niliyoijua vizuri, ya kutoka moyoni, ilikuwa ile ya nyumbani. Kwetu wazee wakiomba hawasemi "tunakuomba utupe." Mmoja anauliza, wote wanajibu. Mvua ipo? Ipo! Maziwa yapo? Yapo! Ubaya umeenda? Umeenda! Na mikono inautupa ubaya upande wa machweo, uzame na jua. Sheria ni moja tu: kila anayesikia ajibu. Hata kama ni mpita njia, hata kama mmegombana jana. Ukinyamaza, ni kama umesema haipo. Nilipokuwa mtoto jambo hili lilinisumbua sana, maana nilikuwa naona kibuyu kikavu kabisa, na watu wazima wamesimama wanasema maziwa yapo.

Basi nikaomba hivyo, kwa Kiswahili ili wote waelewe. "Kuni zipo?" Wakatazamana, kisha wakajibu, "Zipo!" "Maji yapo?" "Yapo!" "Watoto wa jana watakuja tena leo?" "Watakuja!" Wakaipenda mno. Kuanzia siku ile ikawa ndiyo sala ya jiko letu. Meneja peke yake ndiye hakujibu. Alikuwa akifumbua jicho moja, anatusikiliza, halafu anarudi ndani. Baadaye nilikuja kujua kwamba alidhani tunakagua vifaa kabla ya kusali.

Aliyejibu kwa sauti kuliko wote alikuwa mama mmoja Mdinka, mrefu, mwenye chale za kwao kwenye paji la uso. Hakuwa ameajiriwa. Alikuwa anatuoshea vikombe, na malipo yake yalikuwa ukoko wa sufuria, anaukwangua na kuwapelekea watoto wake. Kiswahili chake alikiokota pale kambini, kimechanganyika na Kiarabu cha Juba.

Halafu tumbo langu likaanza kuvimba.

Niliona kwanza kwa aproni. Kamba iliyokuwa inazunguka na kufungwa mbele sasa ilifungwa nyuma, tena kwa shida. Nilikuwa na maumivu chini ya mbavu, upande wa kulia, na nikila kidogo nashiba. Mimi mtoto wa Lorugum sikuhitaji kuambiwa ni nini. Kwetu ugonjwa huo tunao: mfuko wa maji unaoota ndani ya ini, pole pole, miaka na miaka, na wanasema tunaupata kwa mbwa tunaolala nao na kula nao. Shangazi yangu alikuwa nao. Unapasuliwa Lodwar, na wengine wanapona.

Lakini jikoni nani aliniuliza? "Hongera!" wakaniambia.

"Hongera ya nini?"

"Aa, dada, unajificha nini sasa?"

Mimi sikuwa na mume, na hilo liliutia umbea sukari. Mmoja akaja kuniuliza kwa sauti ya huruma mwenye mzigo ni nani. Nikafoka, "Mzigo ni wangu, na hauna baba!" Nilimaanisha ni ugonjwa. Weh! Ilikuwa heri ningenyamaza. Jioni hiyo kambi nzima ilikuwa na habari kwamba mwanamume amenikana. Kila nilipokataa walizidi kuamini, kwa sababu mwanamke gani asiye na mume angekubali?

Yule mama Mdinka peke yake hakunipa hongera. Asubuhi moja alinisaidia kufunga aproni, mkono wake ukakaa pale ubavuni kwa muda. Akaniangalia usoni. "Maleesh, dada," akasema, yaani pole, akarudi kwenye vikombe vyake. Nilishangaa kidogo kwa nini anipe pole wakati wenzake wanapiga vigelegele, lakini uji ulikuwa unachemka.

Nilikuwa na hofu ya kwenda kumwona meneja. Mpishi aliyekuwepo kabla yangu alishikwa na kifua, akasema ukweli, na kabla hajarudi kutoka hospitali mwiko wake ulikuwa na mtu mwingine. Sisi tulikuwa vibarua, mgonjwa hangojwi. Aliyejifungua alikuwa anangojwa, sheria ilisema hivyo, lakini mgonjwa hapana. Hata hivyo, mtu atapasuliwaje bila kusema? Nikaingia ofisini.

"Bwana, mimi ni mgonjwa. Nataka kwenda hospitali Lodwar."

Akatazama dari. Masikio yalimwiva. "Mama, usione haya. Utaenda likizo ya uzazi, nafasi yako itakungoja."

"Si uzazi. Ni ugonjwa."

"Ndiyo, ndiyo. Ugonjwa wa miezi tisa." Akacheka mzaha wake, akajikohoza, akaniambia nimwite anayefuata.

Nikarudia kwa Kiingereza changu cha shule ya msingi. Akaitikia kwa kichwa kwa upole kabisa, kama anavyofanya mtu mstaarabu anapoambiwa uongo wa heshima. Nilitoka pale nimeduwaa. Kumbe unaweza kusema ukweli kwa lugha mbili na ukapewa zawadi ya uongo ambao hukuuomba.

Swali hilo halikuniacha. Nilikwenda kwa katekista wa Kakuma, nikamuuliza: mtu akiomba kazi yake ilindwe, na ikalindwa kwa kosa la mtu mwingine, je, huyo ni Mungu aliyejibu au ni kosa tu? Akasema Mungu aliwahi kumtumia hata punda wa Balaamu. Nikamwambia, "Kwa hiyo meneja ni punda?" Akasema yeye hakusema hivyo, na nisije nikamtaja.

Siku ya kuondoka waliniombea jikoni. Mama Mdinka ndiye aliyeongoza, na ndiye aliyepewa mwiko wangu aushike mpaka nirudi. Nilimkabidhi mpini ule mikononi, nikamtazama jinsi anavyoukoroga uji, vizuri, kwa mzunguko mpana, chini hadi juu. Nitasema wazi: wivu ulinichoma. Alikuwa na watoto watatu na ukoko. Sasa alikuwa na mshahara. Nani angeachia?

Nilipanda lori kwenye msafara, askari mbele askari nyuma kama ilivyokuwa lazima wakati huo, vumbi mpaka ndani ya meno. Hospitalini Lodwar nililazwa katika wodi iliyojaa matumbo kama langu. Niliogopa. Niliogopa kisu, lakini nikifumba macho sikuona kisu, nilimwona yule mama na mwiko.

Kwa kuwa sina adabu, nilikuwa nawauliza wenzangu wodini wanaomba nini. Mmoja, mke wa mvuvi kutoka Kataboi, alikuwa anaomba wavu wa mumewe usiibiwe akiwa amelala pale. Mwingine aliomba mke mwenza asizoee kitanda chake. Hakuna hata mmoja aliyeniambia anaomba uzima tu. Kila mtu alikuwa ameacha kitu nyuma, na roho yake ilikuwa huko.

Mama yangu alikuja kutoka Lorugum kwa pikapu siku moja kabla ya kupasuliwa kwangu. Hakuniuliza kama ninaumwa. Alisimama katikati ya wodi, shanga zote shingoni, akaanza kwa Kiswahili chake ili hata wasio Waturkana wajibu. "Kazi ya mtoto yangu iko?"

"Mama!" nikamwambia. "Omba uzima kwanza!"

"Uzima bila kazi ni ya kukula nini? Nyamaza." Akageuka tena. "Kazi yake iko?"

"Iko!" wodi ikajibu, wengine wakicheka.

Kitanda cha mwisho kilikuwa na mwanamke aliyekuwa ametoka kupasuliwa, bado dawa imemlewesha. Hakujibu. Mama akamwendea. Akainama, akamsalimu. "Ejok, mama. Kazi ya mtoto yangu iko?" Nikaona aibu nikajifunika shuka. Mama hakuondoka. Aliuliza tena, bila haraka, mkono wake juu ya ukingo wa kitanda, mpaka yule mwanamke akasema kwa sauti ndogo, "Iko." Hapo ndipo mama alipokaa, akatoa tumbaku yake.

Nilimuuliza, "Kwa nini umsumbue mgonjwa?"

"Alisikia," akasema.

Nikapasuliwa. Kidonda changu kilikataa kufunga, kikatoa usaha, nikarudishwa mezani kupasuliwa tena. Likizo ya uzazi ikaisha nikiwa kitandani. Nilipotoka nilipelekwa Lorugum, nikakaa tena kwa mama nikisubiri miguu ipate nguvu, na kila siku nilijua hesabu haiko upande wangu. Hata meneja awe mpole kiasi gani, angejua tu kwamba hakuna uzazi unaochukua muda wote huo. Wadogo zangu walikuwa wameanza kula matunda ya mikoma, yale magumu ya kutafuna siku nzima. Mama alikuwa ananiangalia ninavyotembea.

Siku niliyoweza kutembea hadi barabarani bila kukaa chini, niliondoka.

Nilifika Kakuma asubuhi, lori likanishusha karibu na laga, ule mto mkavu, nikavuka mchanga kuelekea jikoni. Moshi ulikuwa haujapanda bado. Nilipokaribia ua wa miiba nikasikia sauti, nikasimama.

"Mwenye sufuria hii yupo?" Ilikuwa sauti ya mama Mdinka.

"Yupo!"

"Yeye natembea?"

"Anatembea!"

"Kazi yake ipo?"

"Ipo!" Na sauti yake mwenyewe ilikuwa juu ya zote.

Nililia pale nje kama mtoto. Njia nzima nilikuwa nikitayarisha matusi.

Nilipoingia walipiga mayowe ya furaha, halafu mayowe yakakatika. Walikuwa wanatazama tumbo langu lililolala na mikono yangu mitupu. Mmoja akaketi chini akaanza kuomboleza mtoto wangu. Hasira zikanirudia mara moja. "Hakuna mtoto! Nilisema hakuna mtoto! Yalikuwa maji! Ugonjwa!"

Wote wakaduwaa, isipokuwa mama Mdinka, ambaye alicheka mpaka akashika mbavu. "Mimi najua kitambo," akasema. "Mtoto nacheza ndani. Hii yako nalala tu kama jiwe."

"Ulijua?"

"Meneja nauliza mimi. Likizo nakwisha, yeye nakuja hapa, nasema, wewe mama, wewe nazaa, niambie, huyu iko na mimba kweli?" Akainua mabega. "Mimi nasema, mwiko hii ya yeye. Mimi nashika tu. Atarudi."

Sikuelewa. Nilimvuta pembeni, na nilimuuliza kwa ukali, maana ndivyo ninavyouliza ninapotaka kujua kitu kwa dhati. "Kwa nini? Ungesema neno moja tu, kazi ingekuwa yako! Una watoto!"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa jambo la kijinga. "Na asubuhi kwa sala mimi nitajibu nini?" akasema.

Akafungua aproni, akanivika. Akanikabidhi mwiko, akaenda kukaa kwenye vikombe. Mchana nilimwona ameinama ndani ya sufuria yangu, anakwangua ukoko, anauweka kwenye kopo la watoto wake. Siku hiyo uji haukupita kooni mwangu.

Kesho yake nilifika kabla ya wenzangu. Walipokusanyika nilisema leo naongoza mimi. Meneja alikuwa mlangoni pake na kikombe chake, amefumba macho.

"Maji yapo?" "Yapo!" "Kuni zipo?" "Zipo!" Nikamnyooshea mkono mama Mdinka aliyekuwa amechuchumaa kwenye beseni. "Kazi ya huyu ipo?"

Wakatazama chini. Kila mtu alijua haipo. Hata yeye mwenyewe, mwenye sauti kubwa kuliko wote, alikuwa amenyamaza na kikombe mkononi.

"Maziwa ya kwetu nayo hayakuwepo," nikawaambia, "na yalijibiwa. Kazi ya huyu ipo?"

"Ipo," wakasema, kwa wasiwasi. Nikauliza tena. "Ipo!"

Lakini mmoja alikuwa amesikia na hakujibu. Nilimkumbuka mama yangu kwenye kile kitanda cha mwisho. Nikaushika mwiko wangu nikavuka ua mpaka mbele ya meneja. Niliogopa, kwa sababu tangu nirudi nilikuwa nimemkwepa, na tumbo langu lilikuwa pale mbele yake, bapa, na mtoto hayupo mgongoni. Yeye ndiye aliyekuwa na uwezo wa kunifuta siku ile ile.

"Kazi ya huyu ipo?" nikamuuliza.

Akafumbua macho. "Si mnakagua vifaa?"

"Tunasali, bwana. Tangu siku ya kwanza tunasali. Na kwetu kila anayesikia ajibu."

Akanitazama. Macho yakashuka mpaka tumboni, yakapanda tena, na masikio yakaanza kumwiva. "Kwa hiyo wewe," akasema taratibu, "ulikuwa mgonjwa kweli."

"Nilikuambia. Kwa lugha mbili."

Nje watoto walikuwa wameanza kulia, wakigonga vikombe vyao. Meneja akaangalia chai yake, akaangalia beseni, akamwangalia yule mama ambaye yeye meneja alimuuliza swali asipewe jibu alilolitaka. Nikauliza mara ya mwisho. "Kazi yake ipo?"

"Ipo," meneja akasema, kwa sauti ya mtu anayejaribu neno geni mdomoni. Kisha akaongeza, "Na yako pia ipo. Tutaweka sufuria nyingine. Sasa washeni moto, watoto wanangoja."

Akaingia ndani akafunga mlango. Mpaka leo sijui sala ile ilimfikia nani kwanza, Mungu au meneja, na nimewauliza makatekista wengi. Yule mama Mdinka aliweka kikombe chini, akaja kupiga magoti kando yangu kwenye mafiga, akapuliza moto mpaka moshi ukatujaa usoni sote wawili.